Aliyekupa ni Nani? Maadili ya Jarida la Elimu ya Dini

Tarehe 18 Septemba 2012, katika mkutano wa wataalamu wa lugha ya Kikopti uliofanyika Rome, hatua chache tu kutoka Vatican, Profesa Karen L. King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza habari ya kipande cha karatasi ya mafunjo chenye ukubwa wa kadi ya jina. Upande mmoja kilikuwa na mistari minane ya Kikopti, na hakuna hata mmoja uliokuwa mzima. Katika mmojawapo, Yesu anawaambia wanafunzi wake jambo juu ya mkewe, kisha maneno yanakatika palipochanika karatasi. King alikipa kipande hicho jina la Injili ya Mke wa Yesu. Alieleza kwa uangalifu kwamba hakithibitishi kuwa Yesu alioa. Kinaonyesha tu kwamba wako Wakristo wa zamani waliolijadili jambo hilo. Lakini jina lilikwisha kutoka, na neno likishatoka halirudi. Siku hiyo hiyo magazeti ya dunia yaliibeba habari kwa namna ambayo uangalifu wake haukuweza kuizuia.

Leo karibu wataalamu wote wanakubaliana kwamba kipande kile ni cha kughushi. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, au kama hadithi ya upelelezi. Kinastahili kusomwa kwa namna nyingine, yaani kama swali la maadili. Jarida la kitaaluma linaloshughulika na mambo ya dini lina deni gani, na lina deni kwa nani? Linamdai heshima mwandishi, linamdai ukweli msomaji, na nje ya kurasa zake wapo watu mamilioni ambao kwao Yesu si mada ya utafiti bali ni Bwana wao, au ni Mtume wao. Watu hao hawalisomi jarida, lakini linapokosea wao ndio huguswa kwanza.

Jarida lililopelekewa makala ya King ni Harvard Theological Review, linalotoka tangu mwaka 1908. Kama ilivyo desturi, wahariri waliwapelekea wakaguzi watatu ambao majina yao hayakutajwa. Ilijulikana tangu mapema kwamba wawili kati yao walitilia shaka uhalisi wa kipande. Ilielezwa kwamba walikuwa wameona picha zisizo wazi, na kwamba hawakujua kuwa wataalamu wa mafunjo walikwisha kukiona chenyewe na kuridhika nacho. Hata hivyo tangazo la Rome lilifanyika kabla makala haijachapishwa. Wahariri, kwa haki yao, walisimama. Walingoja vipimo vya maabara, na makala ikatoka mwezi wa Aprili 2014 pamoja na matokeo ya vipimo hivyo. Katika toleo hilo hilo waliweka makala ya Leo Depuydt wa Chuo Kikuu cha Brown, aliyeshikilia kwamba kipande ni cha uongo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa kuangalia juu juu, taratibu zote zilitimizwa. Wakaguzi waliulizwa, maabara ilipima, na mpinzani alipewa nafasi ya kusema. Basi kosa lilikuwa wapi?

Lilikuwa katika swali lililoulizwa. Maabara ilipima karatasi, ikaona kuwa ni ya kale, ya karne ya 7 au ya 8 hivi. Ilipima wino, ikaona kuwa haupingani na wino wa kale. Lakini umri wa karatasi si umri wa maandishi. Vipande vya mafunjo visivyo na maandishi, au vyenye nafasi tupu, hupatikana sokoni. Na wino wa masizi hautengenezwi kwa ufundi mkubwa. Mghushi mwenye akili hununua karatasi ya kale ili maabara imshuhudilie. Swali ambalo lingemaliza shauri ni lile ambalo mnunuzi yeyote wa kitu cha thamani huuliza dukani: wewe umekipata wapi, na aliyekupa alikipata kwa nani?

Mwenye kipande aliomba jina lake lisitajwe, na ombi lake likakubaliwa. Alitoa nakala za karatasi chache za mauzo na barua za zamani, zikapokelewa. Miaka minne baadaye mwandishi wa habari, Ariel Sabar, alifanya kazi ambayo wasomi hawakuifanya: alimtafuta mtu huyo. Alimkuta Florida, akagundua kwamba aliwahi kusoma elimu ya Misri ya kale huko Berlin bila kumaliza, na kwamba hati zake hazikusimama zilipochunguzwa. Habari hiyo ilipotoka katika jarida la The Atlantic mwezi wa Juni 2016, King mwenyewe alikiri kwamba mizani sasa imeelemea upande wa ughushi.

Hapo msomaji aliyelelewa katika madrasa za pwani, au aliyekaa mbele ya sheikh wake Muscat au Unguja, atakumbuka jambo. Elimu ya hadithi ilikwisha kulitatua tatizo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanavyuoni wa hadithi hawakuanza kwa kuuliza kama maneno ni mazuri, wala kama yanawezekana. Walianza na mnyororo wa wapokezi, isnadi. Nani alimsikia nani, walikutana wapi, kumbukumbu yake ilikuwaje, aliwahi kusema uongo? Mnyororo ukiwa na mtu mmoja asiyejulikana, majhuli, hadithi huhesabiwa kuwa dhaifu hata kama maneno yake yanapendeza kama asali. Haikuwa lazima kuthibitisha kwamba mtu yule ni mwongo. Kutojulikana kwake kulitosha. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwenye kuleta, si juu ya mwenye kuuliza.

Kanuni hiyo ilikuwa na gharama ya kimaadili, na wanavyuoni wale waliijua. Kumchunguza mpokezi ni kumsema, na kumsema mtu kwa asiyoyapenda ni kusengenya, nako ni dhambi. Wakalijadili. Imamu Nawawi, katika karne ya 13, aliitaja hali hii miongoni mwa zile ambamo kumsema mtu kunaruhusiwa: kuwakosoa wapokezi na mashahidi ili kuwalinda watu wasidanganyike. Yaani heshima ya mtu mmoja ina uzito mkubwa, lakini haizidi haki ya umma kujua habari inatoka wapi. Hili ndilo shauri ambalo wahariri wa leo hukumbana nalo kila mara mwenye mswada anapoomba kufichwa. Siri ya mtu ni amana, na amana hutunzwa. Lakini huwezi kuipokea amana ambayo kuitunza kwake ni kumdanganya mtu wa tatu. Anayetaka jina lake lifichwe ana haki hiyo kamili. Asichokuwa nacho ni haki ya kitu chake kuchapishwa kama ushahidi. Achague moja.

Atakayejibu kwamba elimu ya hadithi ni elimu ya waumini, na kwamba jarida la chuo kikuu ni kitu kingine, atakuwa ameona tofauti isiyohusika hapa. Isnadi haikuwa tendo la imani. Ilikuwa kinga dhidi ya imani, dhidi ya ule udhaifu wa moyo unaotaka neno fulani liwe kweli. Watunzi wa hadithi za uongo hawakuwa maadui wa dini peke yao. Wako waliozitunga kwa nia njema, ili watu wasali zaidi. Waliozikataa walijua kwamba nia njema ndiyo mlango ambao uongo huupenda zaidi, kwa kuwa haulindwi.

Na hapa ndipo kisa cha Harvard kinapoacha kuwa cha mtu mmoja. King alikuwa ametumia umri wake wa kitaaluma kuonyesha kwamba Ukristo wa mwanzo ulikuwa na sauti nyingi, zikiwamo za wanawake, ambazo baadaye zilinyamazishwa. Kazi hiyo ilikuwa na bado ni ya thamani. Ila aliyeghushi, awaye yote, alijua nani angependa kuona nini. Kikulacho ki nguoni mwako. Msomi hudanganywa kwa kuletewa kile alichokwisha kukisubiri, wala si kwa kuletewa kile anachokichukia. Ndiyo sababu kanuni za uchapishaji zinamtaka mkaguzi awe mtu asiyetegemea matokeo: asiwe mshauri wa mwandishi, asiwe swahibu yake, asiwe mwenye kufaidika naye. Kanuni hiyo haimshuku mtu kuwa mwovu. Inamtambua kuwa mwanadamu.

Haki inadai upande wa pili nao upimwe kwa mizani hiyo hiyo. Wako waliosema tangu siku ya kwanza kwamba kipande kile ni uongo, si kwa sababu walikichunguza, bali kwa sababu hawakuweza kukivumilia. Walipata jibu sahihi. Lakini kupata jibu sahihi kwa njia isiyo ya haki ni sawa na hakimu anayemfunga mwizi wa kweli bila kusikiliza mashahidi. Leo kampata, kesho atamfunga asiye na hatia. Jarida la elimu ya dini likitawaliwa na watu wa namna hiyo halitachapisha uongo wa Injili ya Mke wa Yesu, ni kweli, lakini halitachapisha pia ukweli wowote unaouma.

Waliolimaliza shauri walikuwa watu wa namna ya tatu. Francis Watson wa Durham, katika siku chache tu baada ya tangazo, alionyesha kwamba karibu maneno yote ya kipande yaliokotwa humu na humu katika Injili ya Tomaso. Andrew Bernhard akaonyesha kwamba yaliokotwa katika toleo fulani la Injili hiyo lililowekwa mtandaoni, pamoja na kosa lake la chapa. Mwaka 2014, Christian Askeland akatazama kipande kingine kilichotoka kwa mwenye mali yule yule, kilichoandikwa kwa mkono ule ule, chenye maneno ya Injili ya Yohana. Akakuta kwamba mistari yake inakatika pale pale inapokatika mistari ya kodeksi iliyochapishwa na Herbert Thompson mwaka 1924, na kwamba lahaja yake ya Kikopti ilikwisha kufa kabla ya umri uliopimwa wa karatasi. Hawa hawakushinda kwa kelele. Walishinda kwa sababu picha za vipande ziliwekwa wazi kwa kila mtu. Na hili lisemwe kwa sifa ya King na chuo chake: wao ndio walioziweka. Uwazi ule ule uliomwaibisha ndio uliookoa elimu.

Linabaki swali gumu kuliko yote. Kosa likishajulikana, jarida lifanye nini?

Wahariri wa Harvard Theological Review walijibu kwamba jarida halikuwahi kuchukua msimamo wowote juu ya uhalisi wa kipande kile, na kwa hiyo makala haitatanguliwa. Jibu hilo lina mantiki yake. Jarida ni uwanja, si kadhi. Huchapisha hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Mtu anaweza hata kuongeza kwamba katika elimu ya dini desturi ya kutangua makala ni hatari. Leo hutanguliwa makala kwa sababu ya ughushi, kesho kwa sababu askofu amenuna au mufti amekasirika. Wasomi wa dini wana kumbukumbu ndefu ya vitabu vilivyochomwa, na hawana haja ya kuwapa wachomaji kibiriti kingine.

Lakini hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Kutangua si kufuta. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoundwa Uingereza mwaka 1997 na ambayo miongozo yake hufuatwa na majarida mengi duniani, inaeleza kwamba makusudi ya kutangua ni kuisahihisha kumbukumbu ya elimu, si kumwadhibu mwandishi. Na kwamba makala hutanguliwa matokeo yake yakiwa hayategemeki, hata kama kosa lilifanywa kwa moyo safi. Makala yenyewe hubaki ilipo. Kinachoongezwa ni tangazo linalomwambia msomaji wa kesho: usijenge juu ya msingi huu. Asiyetaka kuliweka tangazo hilo kwa kuchelea kuonekana ameshindwa ameilinda heshima yake kwa gharama ya mwanafunzi asiyemjua, ambaye miaka ishirini baadaye ataikuta makala maktabani ikiwa safi, bila alama, na kuinukuu.

Wala hoja ya uwanja haitoshi. Mwenye uwanja hana lawama mchezo ukiisha vibaya, lakini analo jukumu la kusema kwamba ardhi ina shimo pale anapojua kuwa lipo. Jarida linapoweka jina lake la zaidi ya miaka mia moja juu ya makala, linampa msomaji kitu zaidi ya karatasi na wino. Linampa sababu ya kuamini. Haifai kukusanya heshima ya kuaminiwa siku ya kuchapisha, kisha siku ya kosa kusema kwamba hatukuahidi lolote.

Ipo mifano ya namna nyingine. Mwaka 2016 shirika la Brill lilichapisha kitabu juu ya vipande vilivyodaiwa kuwa vya Hati za Bahari ya Chumvi, vilivyokuwa mali ya Jumba la Makumbusho la Biblia mjini Washington. Kipp Davis alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu hicho. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alichapisha makala iliyotilia shaka baadhi ya vipande ambavyo alishiriki kuvitoa kwa ulimwengu. Mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na jumba lenyewe ulihitimisha kwamba vipande vyote 16 ni vya kughushi; jumba likautangaza uamuzi huo hadharani, na Brill ikakitangua kitabu. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na msomi anayejikosoa kabla hajakosolewa hupoteza ukurasa mmoja wa wasifu wake, lakini huwapa wasomaji sababu ya kuziamini kurasa zilizobaki.

Mambo haya hayako mbali na wasemaji wa Kiswahili kama yanavyoweza kuonekana. Elimu ya dini katika lugha hii imehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika miswada ya hati za Kiarabu: tenzi za maulidi, wasia, dua, sherehe za Kurani. Mingi ilitoka Lamu, Pate na Siyu ikaishia London na Hamburg. Mingine iko makabatini mwa familia, pengine zilizohamia Ghuba, Uingereza au Marekani, na hufunguliwa mtu anapofariki. Kila mswada una njia yake. Muhamadi Kijumwa, khatati mashuhuri wa Lamu, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Nakala zake ni za thamani kubwa na hazina ulaghai wowote. Lakini mchapishaji atakayeitoa nakala ya namna hiyo bila kueleza kwamba iliandikwa kwa maagizo, na mwaka gani, na kwa ajili ya nani, atamwacha msomaji aidhanie kuwa ni kitabu kilichosomwa msikitini vizazi na vizazi. Hatakuwa amesema uongo. Atakuwa ameruka pete moja ya mnyororo, na hapo patatosha kupotosha.

Kadhalika kuna familia ambayo babu yao aliandika, na jina lake halitajwi popote. Linatajwa la mtafiti aliyepiga picha. Kuna mwenye mswada aliyekubali usomwe, hakukubali uchapishwe. Kuna dua ambayo wenyewe huisoma faragha, ikakutwa imetafsiriwa katika jarida lenye bei ambayo wao hawawezi kuilipa. Kanuni za uchapishaji huzungumza sana juu ya wizi wa maandishi kati ya msomi na msomi. Huzungumza kidogo zaidi juu ya haki za yule asiyeandika makala, ambaye bila yeye makala isingekuwapo. Naye pia ni mpokezi katika mnyororo, na kumruka ni kuukata.

Basi swali la dukani ndilo swali la mhariri: aliyekupa ni nani? Likiulizwa mapema na kwa adabu, huwalinda wote: mwandishi dhidi ya shauku yake, msomaji dhidi ya jina kubwa la jarida, muumini dhidi ya kutumiwa kama kelele za soko, na mwenye mswada dhidi ya kusahauliwa. Likiulizwa miaka minne baadaye na mtu wa nje, bado linaleta ukweli, ila kwa wakati huo kila mtu amekwisha kulipa. Makala ya mwaka 2014 ingali katika kumbukumbu za jarida, na anayeifungua leo anapaswa kujua habari hizi kutoka kwingine.